Elbo ya turbo kwenye Forester XT: silikoni, alumini, au turudi kwenye ile ya kiwandani?

Mtoto wa Kinondoni

Wakuu habari za jioni. Nina Forester XT ya 2004, SG5, injini EJ205, gia za mkono, turbo ni TD04 ile ile iliyokuja nayo kutoka Japani. Juzi fundi kafungua intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) ili aisafishe, akaniita nichungulie. Ule mpira (ndiyo elbo yenyewe) unaotoka eya klina kupita chini ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) kwenda kwenye turbo una ufa kwenye mikunjo, upande wa turbo. Ukiubonyeza kwa kidole ufa unafunguka, na pembeni pamelowa oili.

Nimeletewa njia tatu. Ya kwanza, mpira orijino. Ya pili, elbo ya silikoni nyekundu ya mtandaoni, muuzaji anasema ni mm 80 na "inaongeza farasi 20". Ya tatu, kuna jamaa wa kuchomelea pale Gerezani, anasema atanikunjia bomba la alumini na itabaki kuwa kumbukumbu ya ukoo. Gari naitumia kila siku, na mara moja moja nakimbia nayo Morogoro. Nichukue ipi?

Konda Mstaafu

Nimekaa paleee, nasubiri wataalamu.

Mzuka wa Busti

Mm 80 mkuu, usijifikirie mara mbili. Hewa nyingi = nguvu nyingi. Na ukishafunga utasikia turbo inapiga mluzi mpaka jirani anatoka nje.

Dada Spana

Mluzi atausikia, nguvu sijui.

Mtoto wa Kinondoni, naomba kwanza tutenganishe bomba la kabla ya turbo na la baada ya turbo, maana mafundi wengi wanayaongelea kama kitu kimoja. Baada ya turbo hewa imeshindiliwa, inasukuma kuta kwenda nje, na adui wa pale ni bomba kuchomoka kwenye klampu. Kabla ya turbo ni kinyume chake. Turbo inanyonya, hewa ya nje ndiyo inabonyeza kuta kwenda ndani. Mpira wenye kuta nyembamba unasinyaa pale pale unapouhitaji, mizunguko ya injini imeshapita 5,000 kwa dakika na mguu umezama. Sasa gari ikiwa gereji, hata ukipiga resi namna gani, hutaona kitu, kwa sababu injini haina mzigo na hewa inayopita ni kidogo. Mteja anaondoka na furaha zake, akifika Mlandizi anapiga simu kwamba gari inavuta vizuri chini halafu juu inakata pumzi.

Kwa hiyo muulize huyo muuzaji: ukuta una unene gani, una matabaka mangapi ya kitambaa, na kwenye kona kuna waya wa chuma uliozikwa ndani au hakuna? Mwenye bidhaa ya maana anajibu bila kusita. Anayekutajia farasi tu, achana naye. Ukiipata mkononi, ibane kwa nguvu pale kwenye kona kwa vidole viwili. Ikigusana kuta kwa kuta, hiyo kafungie pampu ya bustani.

La pili ni vidomo. Huo mpira wa EJ205 si bomba tupu. Una kidomo kikubwa cha hewa inayorudi kutoka kwenye ile valvu inayopumua ukiachia mafuta, vya moshi wa injini unaotoka kwenye krenkkesi (tumbo la chini la injini) na vifuniko vya valvu, na kidogo cha solenoidi (valvu ya umeme) inayodhibiti busti, yaani presha ya turbo. Fundi akutolee mpira wa zamani, uuweke mezani pembeni ya mpya, muhesabu kimoja kimoja, na muangalie vimeelekea wapi. Kidomo kikiwa kimegeuka nyuzi chache tu, kile kibomba kidogo kitajikunja chini ya manifoldi ambako hakuna mkono unaofika.

Mtoto wa Kinondoni

Asante sana dada. Sasa niliyoona picha yake ina vidomo viwili tu. Muuzaji anasema vingine naweza kuziba, na ile valvu nikaiacha ipumulie nje, ndiyo inatoa ile "pshuuu".

Dada Spana

Usikubali. Gari yako inapima hewa kwa sensa ya MAF pale kwenye eya klina, mwanzoni kabisa mwa safari. Hewa iliyopita pale imeshaandikwa kwenye daftari la kontrol boksi na petroli yake imeshaandaliwa. Ukiitupa nje kila unapobadili gia, injini inapewa petroli ya hewa ambayo haipo. Ndiyo ile milipuko ya ekzosi na gari kutaka kuzima ukikaribia taa. Hewa ya valvu irudi kwenye elbo kama kiwanda kilivyopanga.

Na kuziba vidomo vya moshi wa injini ndiyo kabisa. Presha ya ndani itatafuta pa kutokea, na itatokea kwenye sili.

Tyuna wa Tegeta

Dada Spana kamaliza, naongeza la upande wangu.

Kabla hujanunua chochote, chukua kifaa cha kusomea kompyuta ya gari uangalie masahihisho ya petroli (kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza), yale ya muda mrefu. Yanakuambia tundu liko wapi hata kabla ya kufungua. Kama yanapanda juu injini ikiwa inaunguruma bila kukanyagwa, halafu yanashuka ukiendesha kwa mzigo, tundu liko baada ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), kwenye manifoldi, maana pale ndipo mvuto ni mkubwa ukiwa umeachia mafuta. Kama injini ikiunguruma tu yako sawa, halafu yanapanda kadiri hewa inavyoongezeka, mpira wa kabla ya turbo umechanika. Mvuto wake ni mdogo mpaka turbo ianze kazi. Na kama gari inatoa moshi mweusi ukikanyaga, busti haifiki, hapo hewa inatoka baada ya turbo, mara nyingi kwenye viungo vya intakula.

Nasema hivi kwa sababu nimeona magari yanabadilishiwa elbo, plagi, sensa ya oksijeni, pampu ya petroli, na tundu liko pale pale linacheka.

Ufa wa Mtoto wa Kinondoni umeonekana kwa macho, sawa. Lakini asome kabla na baada, apate cha kulinganisha.

Mzuka wa Busti

Nyie mnamtisha tu mwenzenu. Mimi nina mm 80 kwenye Impreza yangu, mwaka wa pili huu, inaenda kama risasi.

Tyuna wa Tegeta

Mzuka, Impreza yako ilishabadilishwa turbo na imechorewa ramani upya (mpangilio wa petroli na busti kwenye kompyuta), au nimekosea? Yule bwana ana TD04 ya kiwandani. Mdomo wa turbo yake ni ule ule. Ukimpa bomba la mm 80 linaloishia kwenye mdomo mdogo kwa ngazi kali, hewa inajipiga kwenye ile ngazi na faida uliyoipata njiani unairudisha mlangoni. Apime mdomo wa turbo kwa kalipa, nje na ndani, na upande wa eya klina vilevile. Elbo nzuri inapungua taratibu mpaka kwenye kipimo hicho.

Sikatai kwamba kipenyo kinasaidia. Kwa hewa ile ile na umbo lile lile, ukitoka mm 60 kwenda mm 70 upotevu wa presha unashuka kwa karibu nusu, kwa sababu unaenda kinyume na kipenyo kwa kipeo cha nne. Lakini nusu ya kitu gani? Kama eya klina yenyewe imejaa vumbi la barabara ya Bagamoyo, mpira si tatizo lako. Chomeka geji ya vakyumu kwenye kile kidomo kidogo karibu na turbo, mtu akusomee wakati unavuta gia ya tatu mpaka juu, mahali salama. Rudia na kichungi kipya. Tofauti ikiwa kubwa, umeokoa hela ya elbo.

NaiBoxer

Niaje wadau, salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu hiyo hesabu ina uzito zaidi, acha nieleze.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Presha ya hewa hapa ni kama kPa (kilopaskali) 82, nyinyi Dar mko na 101. Tuseme sote tunataka kPa 180 ndani ya manifoldi, na elbo mbovu pamoja na kichungi inakula kPa 5. Dar, turbo ilikuwa izidishe hewa mara 1.78, sasa itazidisha mara 1.88. Hapa, ilikuwa mara 2.20, inakuwa mara 2.34. TD04 ni turbo ndogo, huko juu inaanza kupika hewa badala ya kuisukuma. Na tena hewa nyepesi inabidi ikimbie zaidi bombani ili kufikisha uzito ule ule, kwa hivyo hata hiyo kPa 5 haibaki 5, inaongezeka.

So kama uko Nairobi, Eldoret ama Arusha, elbo iliyonyooka vizuri utaihisi. Ukiwa Dar ama Mombasa, utahisi tu kama ya zamani ilikuwa imepasuka.

Konda Mstaafu

Swali la mjinga. Si magari ya WRC (mbio za rali za ubingwa wa dunia) yalikuwa yanapumua kupitia tundu la mm 34? Na Colin McRae alishinda Safari Rally 1997 na Impreza. Sasa huyu wa Kinondoni mm 80 za nini?

NaiBoxer

😂 Si swali la mjinga. Ile ristrikta ya mm 34 iliwekwa na sheria kupunguza nguvu, ndio maana hayo magari yalibaki karibu farasi 300 lakini toki yake (nguvu ya kuvuta) ilikuwa ya kutisha. Timu zililainisha kila kitu kabla na baada ya hilo tundu, hakuna ngazi, hakuna kona kali. Umbo la njia ndilo walikuwa wanalipia.

Chuma cha Pua

Mbona hakuna anayemtetea wa alumini? Alumini haisinyai, haipasuki, hailainiki kwa oili. Mimi ni mchomeleaji, natengeneza mabomba haya. Suala la joto watu wanalikuza sana.

Dada Spana

Kwenye joto nakuunga mkono nusu. Injini kama hii ikivuta kwa nguvu inapitisha hewa kama gramu 200 kwa sekunde. Kwenye bomba la mm 65 hiyo ni mwendo wa karibu mita 50 kwa sekunde, na bomba lenyewe ni kama nusu mita. Hewa inakaa humo sehemu moja ya mia ya sekunde. Haina muda wa kuiva. Kwenye foleni ya Ubungo ndiyo alumini itakuwa ya moto, na ukitoka foleni ile mivuto ya mwanzo utaisikia nzito.

Wasiwasi wangu na alumini uko kwingine. Boksi la eya klina limefungwa kwenye bodi, turbo imefungwa kwenye injini, na injini inacheza kwenye maunti zake (mipira inayoishikilia) kila ukikanyaga. Bomba gumu toka mwanzo hadi mwisho litakata kitu, ama klampu, ama shingo ya boksi la eya klina. Lazima kuwe na kipande cha silikoni kinachonyumbulika katikati.

Halafu ndani ya mshono. Kaka yangu Chuma cha Pua, wewe labda unasafisha. Wengi hawasafishi. Tone moja la chuma lililogandia ndani ya kona likibanduka linaenda moja kwa moja kwenye feni ya turbo inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hakuna kichungi kati yake na feni. Asiyeweza kuingiza kidole au kamera akanionyesha mshono wa ndani, bomba lake silifungi.

Chuma cha Pua

Hapo dada umenena, sibishi. Mimi kona natumia zilizokunjwa kwa mashine, vipande nyoofu ndivyo nachomelea, na ndani napitisha jiwe. Ila kwa hiyo Subaru, njia ya chini ya manifoldi ina kona za ajabu na nafasi hakuna. Nikiwa mkweli, hiyo si kazi ya alumini. Alumini ni kwa magari ambayo elbo ni fupi na iko juu, ukifungua boneti unaiona.

Mtoto wa Kinondoni

Basi wa Gerezani tumemwacha. Zimebaki orijino na silikoni. Na swali lingine: fundi anasema hahitaji kutoa manifoldi, atalegeza bolti ainyanyue kidogo, apenyeze.

Dada Spana

Inawezekana, na wapo wanaofanya. Mimi sipendi. Ukiinyanyua nusu, gasketi za manifoldi zinachanika upande mmoja, ukirudisha unakuwa na tundu jipya la hewa kwa kazi ya kuondoa tundu la zamani. Halafu kupenyeza mpira kwa kulazimisha ndiko kunakoupasua hata ukiwa mpya.

Atoe manifoldi yote. Presha ya petroli ishushwe kwanza kabla hajagusa paipu yoyote, na betri ichomolewe. Matundu ya hewa ya silinda hedi yazibwe kwa vitambaa safi vinavyoonekana, visije vikasahaulika. Gasketi mpya ziwe tayari mezani kabla hajaanza. Na ukishafika humo ndani usirudi bila kuangalia vitu vilivyojificha: vipaipu vya petroli vya mpira, mipira midogo ya PCV (inayopitisha moshi wa injini) ambayo kwa umri wa gari yako itakuwa imekauka kama biskuti, na sensa ya noki (inayosikiliza injini ikigonga) iliyokaa juu ya bloku. Sensa ya noki ikiwa na nyufa kwenye plastiki yake, badilisha. Hela ya kazi ni kubwa kuliko ya hivyo vitu, hutaki kuilipa tena.

Daladala Engineering

Kuhusu silikoni na oili naomba niongeze. Silikoni ya kawaida haipendani na mvuke wa oili na petroli. Inaufyonza, inavimba, inalainika, na huo ulaini ndio unaorudisha tatizo la kusinyaa. Elbo ya kabla ya turbo inapata moshi wa injini kila siku kupitia vile vidomo. Tafuta iliyoandikwa kwamba ngozi ya ndani ni fluorosilikoni. Inaongeza bei. Kama injini yako inakula oili kidogo, nayo ina umri wake, usifanye ubahili hapo.

Kampuni zinazojulikana kwa elbo za Subaru kama Samco na Perrin zinataja modeli ya gari na turbo, hazikuuzii kwa milimita tu. Ukikuta tangazo linasema "inaingia Subaru zote", funga ukurasa. Legacy GT yenye EJ20X ina turbo nyingine na mdomo mwingine, haiwezi kuwa elbo moja na Forester yako.

Mzuka wa Busti

Haya, nimewasikia. Sasa akifunga hiyo silikoni ya maana, atahitaji ramani mpya au la?

Tyuna wa Tegeta

Swali zuri. Elbo iliyo baada ya MAF haibadilishi kipimo cha MAF, kwa hiyo petroli inabaki sahihi. Akibadilisha bomba ambalo MAF yenyewe imekaa ndani yake ndipo balaa linaanza. Ukitoa la mm 65 ukaweka la mm 76, eneo linaongezeka kwa asilimia 37. Hewa inapita pole pole kwenye sensa, kompyuta inadhani ni kidogo, inapunguza petroli, na injini inakimbia ikiwa na njaa ya petroli kwenye busti. Pistoni za EJ haziwi na huruma hapo. Boksi la eya klina la kiwandani libaki kama lilivyo.

Ila kuna moja la kuangalia. Njia ikifunguka, turbo inashtuka haraka zaidi na busti inaweza kupitiliza kidogo kabla solenoidi haijaishika, hasa usiku kukiwa na baridi. Kwa Dar sitegemei shida. Aweke geji ya busti tu, na akiona gari inakata ghafla kwenye mvuto, aje tuangalie ramani.

Mtoto wa Kinondoni

Wakuu nimewaelewa. Nimepiga simu sehemu mbili leo. Orijino inaagizwa, na silikoni ya fluoro iliyotajwa kwa SG5 na TD04, vidomo vyote, waya ndani ya kona, nayo inaagizwa. Bei zake zinakaribiana kuliko nilivyodhani. Kwa matumizi yangu mnaniambia nichukue ipi?

Dada Spana

Kama huna mpango wa kubadili turbo, orijino. Inaingia bila kubishana, haitaki ramani, na ya kwanza imekaa humo tangu 2004. Kama una mpango wa turbo kubwa ndani ya mwaka huu, chukua silikoni sasa ili manifoldi isifunguliwe tena, lakini uulize kwanza kama mdomo wake utaikubali hiyo turbo unayoitamani.

NaiBoxer

Na ukiambiwa "nitafunga turbo baadaye", jiulize bank balance yako inasemaje 😂

Mtoto wa Kinondoni

Turbo kubwa haipo kwenye bajeti, ada za shule zinaanza mwezi ujao. Orijino basi. Kuna la kumwambia fundi wakati wa kufunga?

Dada Spana

Alainishe midomo kwa maji ya sabuni, si grisi wala oili. Klampu ziwe mpya, zenye mkanda laini ndani usiokata mpira, na vichwa vyake vielekee juu ili bisibisi ifike manifoldi ikisharudi. Akimaliza, kabla hajarudisha intakula, apulize moshi kwa mashine kupitia upande wa eya klina aone kama unatoka popote kwenye elbo na viungo vyake. Asitumie kompresa, presha yake inasukuma sili za injini. Halafu ukishaendesha siku chache, gari ikiwa imepoa, pitisheni bisibisi tena kwenye kila klampu inayofikika. Mpira mpya hukaa ukapungua kidogo baada ya joto la kwanza.